Vyama kufungua tovuti za kejeli kuwachafua wapinzani wao, hii ni siasa au ni kutudanganya?

MjukuuWaTandahimba:

Habarini wakuu. Naomba niulize kitu, kimenikaa moyoni toka kampeni zilizopita na kila nikitaka kukisahau kinarudi.

Mi kwetu Tandahimba ila sa hivi nipo Mtwara mjini. Kipindi cha kampeni kwenye grupu letu la wakulima, lina watu mia na kitu, wengi wazee na kina mama wa korosho, ikaingia picha ya ukurasa wa mtandaoni. Juu kuna jina la mgombea udiwani wa kata yetu, picha yake anacheka, rangi za chama chake, kila kitu, halafu chini zimepangwa ahadi zake. Ya kwanza eti akishinda atahakikisha salfa ya ruzuku, ile dawa ya mikorosho, inafutwa ili mkulima ajifunze kujitegemea. Ya pili atajenga uwanja wa ndege kijijini wa kusafirishia mabibo. Ukisoma hiyo ya pili unajua huu utani, lakini ile ya kwanza kwa mtu mwenye mikorosho haina utani ndani yake, na kuna watu walikuwa bado wanamalizia kupulizia, mtu katoka shambani kapauka vumbi la salfa mpaka kwenye nyusi anakutana na habari hiyo.

Mjomba wangu ndo mmoja wao. Ni mzee wa sitini na kitu, anajua kusoma vizuri tu, sio mtu wa kudanganywa hovyo. Akaituma kwenye magrupu mengine matatu. Yule mgombea alipopita kwenye baraza lake kuomba kura mjomba akakataa kumpa mkono mbele za watu, na mbaya zaidi ni jirani yake, wamezikana hao. Jamaa anaapa kwamba hajasema kitu kama hicho, hakuna anayemsikiliza.

Baadaye sana ndo nikaja kuutafuta ule ukurasa wenyewe. Kumbe uliwekwa na vijana wa chama kingine (sikitaji, sitaki uzi huu ugeuke wa kutetea chama fulani) na chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu, imeandikwa ukurasa huu ni wa burudani. Ila picha iliyotufikia sisi ilikuwa imekatwa, haina hayo maneno.

Sasa maswali yangu. Hii kitu ya chama kufungua tovuti ya kumdhihaki mpinzani imeanzia wapi, na wenzetu huko nje inakuwaje? Na je, ukishaandika "ni utani" kwa chini umemaliza, huna kosa tena? Mjomba ananiuliza mi sina la kumjibu.

KakaWaLigula:

Pole kwa mjomba mkuu. Mimi hizi habari nazifuatilia sana kwa hiyo ngoja nikupe ninachokijua, na utaona hicho kilichompata mzee wa Tandahimba kimeshawapata mpaka madaktari wa Marekani.

Mwaka 2019 Joe Biden alipotangaza kugombea urais kulikuwa na tovuti ina jina lake, imepangwa kabisa kama tovuti ya kampeni, ukitafuta jina lake Google ilikuwa inakuja juu. Ukiingia unakuta picha zinazotembea za yeye anavyowashika wanawake mabega na nywele, na misimamo yake ya zamani ambayo wapigakura wa chama chake mwenyewe hawaipendi. Chini kabisa imeandikwa hii ni kejeli sio tovuti ya Biden. Aliyeitengeneza hakuweka jina lake. Gazeti la New York Times lilipofukunyua likakuta ni mtu anayefanya kazi za mtandaoni za kampeni ya Donald Trump, akajitetea kwamba kaifanya muda wake binafsi. Angalia mlengwa alikuwa nani, sio mtu wa Trump, ni mtu wa Democrat, chama cha Biden, ambaye anatafuta wa kumpa kura ndani ya chama chake. Unamvunja moyo halafu anadhani aliyemvunja ni mwenzie wa chama kimoja.

Sasa hiyo ya daktari. Kamati ya Republican, chama cha Trump, inayosimamia kampeni za Baraza la Wawakilishi ilifungua tovuti nyingi zenye majina ya wagombea wa Democrat. Mmoja wao ni Alex Sink aliyekuwa anagombea Florida kwenye uchaguzi mdogo wa Machi 2014. Jina lake kubwa juu, picha yake nzuri, kitufe cha kuchangia hela, ila ukisoma yale maandishi ya kati ndo unaona kumbe unachangia ili ashindwe. Daktari mmoja wa Florida alichanga akiamini anamsaidia, hela ikaenda kwa wapinzani wake, ikabidi arudishiwe. Na kamati ilikuwa inasema hakuna kosa, maneno yapo pale, kila mwenye macho anaweza kusoma.

Uingereza nao Novemba 2019. Usiku wa mdahalo wa Boris Johnson wa chama cha Conservative na Jeremy Corbyn wa Labour kwenye televisheni ya ITV, ukurasa wa Twitter wa ofisi ya habari ya Conservative ulibadilishwa jina ukaitwa factcheckUK, yani wanajifanya wahakiki wa ukweli, na ile tiki ya bluu ipo pale pale. Mdahalo ulipoisha wakarudisha jina lao. Twitter wakawaonya. Hazikupita siku nyingi chama hichohicho kikafungua tovuti yenye jina la ilani ya Labour, ukienda kutafuta ilani ya Labour unaikuta yao inakwambia Labour hawana mpango wowote.

Kwa hiyo jibu langu kwa mjomba, maandishi madogo ya chini hayamuokoi mtu. Yamewekwa pale kwa ajili ya mwanasheria.

BintiChuno:

Kaka wa Ligula umeeleza vizuri lakini mi nina wasiwasi na huu uzi unakoelekea, maana naona mwisho wake watu watasema basi kejeli zote zipigwe marufuku, na hapo atakayeumia sio chama, ataumia kijana mwenye kitochi na bando la buku.

Kejeli ndo silaha pekee ya mtu asiyekuwa na gari la matangazo. Mwaka 1999 huko Marekani kuna kijana alinunua jina gwbush.com akafungua tovuti ya kumdhihaki George W. Bush, wakati huo gavana wa Texas anautaka urais. Bush alikasirika mpaka akasema mbele ya waandishi kwamba lazima uhuru uwe na mipaka. Watu wake wakapeleka malalamiko tume ya uchaguzi, wakajaribu kila njia, tume ikaja kuyatupa. Mtu mmoja na kompyuta yake nyumbani! Hayo maneno ya Bush ndo yakawa yanachapwa kila mahali. Mi namtetea kijana kama yule.

Hapa kwetu sheria ipo tayari na ni kali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, ukisambaza taarifa ya uongo kwa kukusudia kupotosha umma faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote. Halafu kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipokuja 2018, mtu wa blogu tu alitakiwa leseni na ada ambazo ukizijumlisha zinavuka milioni 2. Nani kati yetu hapa Chuno au Magomeni ana milioni mbili ya kuandika vichekesho? Chama kinayo. Na mnakumbuka Idris Sultan Oktoba 2019, mchekeshaji, kaweka picha yenye sura yake na ya rais zimebadilishana, akaitwa polisi kuhojiwa. Picha ile hakuna binadamu angeiamini! Ni kichekesho kilichoonekana ni kichekesho kuanzia jicho la kwanza.

Kwa hiyo tukisema tukaze sheria, tutakaza kwa nani? Mi naogopa wale waliomchafua yule mgombea wa Tandahimba hawataguswa, halafu atashikwa mdogo wangu aliyechora katuni ya diwani kwenye shimo la barabara.

MwlMstaafuMikindani:

Wanangu nawasalimu. Nimesoma wote, na mwenye uzi mpe mjomba wako salamu zangu, mwambie hajafanya ujinga wowote, mkulima akisikia salfa inaondolewa akanyamaza huyo ndo mjinga.

Mimi nataka niwarudishe nyumbani kidogo kabla hatujaenda mbali na akina Bush. Kudhihakiana hatukujifunza mtandaoni. Mmakonde anapocheza mapiko, ngoma yetu ya vinyago, lipiko anapotoka amevaa ile sura ya mti, sura inaweza kuwa ya mzungu mwenye pua ndefu, au karani mwenye kujiona, au mlevi, au mwanamke mchokozi, na watu wanacheka mpaka wanakaa chini kwa sababu wanamjua anayesemwa. Na anayesemwa pengine yupo palepale anaangalia. Wazee walimcheka mkoloni hivyo na mkoloni amesimama na kofia yake. Lakini tazama, hata mtoto mdogo anaona kwamba ile ni sura ya mti. Mcheza ngoma hatoki na lipiko usiku akaenda kugonga mlango wa mtu akasema mimi ni bwana shamba nimekuja kukusanya michango. Akifanya hivyo hiyo sio ngoma tena, huyo ni mwizi.

Na kanga vilevile. Mama akimpiga mwenzie kijembe kwa kanga, kaivaa yeye mwenyewe mwilini mwake, kapita nayo uchochoroni mchana kweupe. Mwenzie anajua imetoka kwa nani na anaweza kwenda dukani kununua ya kumjibu. Utani wa makabila hivyohivyo, mtani wako anakusema msibani kwako na marehemu bado yupo ndani, humchukii, kwa sababu ni mtani wako unamjua na kesho kwake utaenda kumsema na wewe.

Sasa hicho walichofanya hao vijana wa chama ni kuvaa sura ya mtu halisi na kumnyima nafasi ya kujibu. Binti wa Chuno nakubaliana na wewe kwa asilimia kubwa, mdogo wako na katuni yake aachwe, tena achore na mimi aniletee niione. Lakini chama cha siasa sio mdogo wako. Chama kina ofisi, kina ruzuku, kina watu wa mawasiliano, na kabla ya uchaguzi kinakaa mezani kinasaini maadili ya uchaguzi. Chama kikitaka kumcheka mpinzani kisimame kiseme sisi chama fulani tunamcheka huyu. Nitacheka nao hata kama wanamcheka mtu wangu. Kinachoniuma ni kujificha.

Na sisi watu wa kusini tuna sababu ya kuuma zaidi. Mei 2013 wakati wa sokomoko la bomba la gesi hapa Mtwara mimi nilikuwa bado nafundisha. Kulikuwa na vipeperushi mjini visivyo na jina la aliyeandika, kila mtu anashika chake anasoma anaamini. Watu walikufa, nyumba zikachomwa. Sisemi vipeperushi peke yake ndo vilileta yale, watu walikuwa na madai yao ya haki kabisa kuhusu gesi yao. Ila nimeishi kuona karatasi isiyo na mwenyewe inavyoweza kutembea kwenye mji wenye hasira, na kila nikiona picha ya mtandaoni isiyo na mwenyewe nakumbuka.

FundiSimuMasasi:

Shikamoo mwalimu. Hapo kwenye sura ya mti umenigusa na nataka niongeze upande wa ufundi maana ndo kazi yangu.

Tovuti na picha ya tovuti ni vitu viwili tofauti. Ukiwa kwenye tovuti yenyewe una anwani pale juu, unaweza kushuka chini ukasoma, unaweza kuona nani ameiandikisha hata kama wengi wanaficha. Mtu akipiga skrinshoti hivyo vyote vinakufa. Inabaki picha. Na wateja wangu hapa Masasi wengi hawaingii kwenye tovuti kabisa, bando lake ni la WhatsApp tu, kila kinachotoka nje kinamfikia kikiwa picha au sauti. Kwa hiyo anayetengeneza hizi kejeli za chama akikwambia "lakini tumeandika chini" anajua fika kwamba huku kwetu hiyo chini haifiki. Anaipanga ahadi ya uongo juu kabisa, mahali ambapo skrinshoti lazima iichukue, na onyo anaweka mahali ambapo lazima likatike. Huo ni mpango wa kifundi kabisa, mi siwezi kuamini ni bahati mbaya.

Kama ni utani wa kweli weka neno KEJELI katikati ya picha, kubwa, juu ya sura yenyewe, lisikatike. Mbona wachoraji katuni wanaweka sahihi yao kila siku? Katuni ya Masoud Kipanya hata ikikatwa hivi na hivi unaijua, kile kipanya kipo, na mchoro ni mchoro, hauwezi kuudhania ni ilani ya mtu.

Halafu majina ya tovuti. Wagombea wetu wengi hawana tovuti hata moja, kwa hiyo anayetangulia kulisajili jina lake ndo anakuwa yeye. Marekani 2015 jina la jebbush.com lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, ukiliandika linakupeleka kwenye tovuti ya Donald Trump ambaye ni mshindani wa Jeb Bush mwenyewe kwenye kuwania urais. Kama wao waliojaa wataalamu limewapata, diwani wa kata ya huku kweli?

BintiChuno:

Mwalimu shikamoo. Nimekuelewa na naomba nirekebishe kidogo msimamo wangu, mi nilikuwa nawaza mwananchi na nikamuweka chama kwenye kapu moja. Hiyo ya chama kusimama na jina lake naikubali.

Ila hata chama kikisimama na jina lake bado kuna kejeli za kudhalilisha na hapo nani anapima? Kanada mwaka 2008 chama cha Conservative kilifungua tovuti ya kumcheka kiongozi wa Liberal Stéphane Dion, inaitwa notaleader.ca, hawakujificha, kila mtu alijua ni yao. Wakaweka ndege wa baharini anapita anamnyea begani. Waziri Mkuu Stephen Harper ikabidi aombe radhi hadharani na ile sehemu ikatolewa. Hakuna polisi aliyeitwa, hakuna aliyelala ndani. Watu wenyewe walichukia kikatoka. Hivyo ndivyo ningependa na kwetu, chama kiaibike mbele ya wapigakura kwa jina lake, polisi wakae pembeni.

NachingweaKwetu:

Mi nachangia kidogo tu. Mwenye uzi umesema mjomba alituma kwenye magrupu matatu. Sisi wa magrupu tuna sehemu yetu. Grupu letu la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku admini ni mama mmoja mkali sana, picha ya mgombea yeyote ikiingia anauliza imetoka wapi, na kama aliyeituma hajui inafutwa palepale, awe mwenyekiti awe nani. Kwanza watu walimnunia wakasema anabana uhuru. Siku hizi wanamshukuru, hasa mwezi wa bei za mnada unapofika maana uongo wa bei ya korosho unaumiza kuliko uongo wa siasa.

KakaWaLigula:

Huyo mama apewe maua yake. Ila mkuu wa Nachingwea, usimpe mzee wa Tandahimba mzigo mkubwa kuliko waliotengeneza. Walikaa chini, wakachagua salfa kati ya maneno yote kwa sababu wanajua ndo mahali panapouma. Mtu wa Dar asingejua kwamba neno salfa linaweza kumwangusha mgombea. Hao ni vijana wetu, wamekulia chini ya mikorosho hiyohiyo, na hilo kwangu ndo baya kuliko mengine yote.

MjukuuWaTandahimba:

Ahsanteni sana wakuu, na mwalimu shikamoo, nimepata zaidi ya nilichokiulizia. Kaka wa Ligula hapo kwenye salfa umenishtua, sikuwahi kuliwaza hivyo, ni kweli aliyeandika anatujua.

Dada wa Chuno na mimi sitaki mtu afungwe. Nilitaka tu siku ile kungekuwa na jina la chama juu ya ile picha, mjomba angecheka akaifuta.

Yule mgombea alishindwa kama mlivyodhani, sisemi ni kwa sababu ya picha tu. Na mjomba wamesalimiana mwezi uliopita msibani kwa mara ya kwanza, ila kukaa chini bado. Jumapili napanda gari kwenda Tandahimba, nimeshamsomea kwa simu yale ya mwalimu kuhusu lipiko akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniomba nimchapishie ule ukurasa wote kwenye karatasi, mzima, mpaka yale maandishi madogo ya kijivu ya chini, anataka aende nao mkononi kwa jirani yake.